Lenzi, simu au nukta nundu: msaada upi wa kusoma umfae mwenye uoni hafifu

Watu wengi wa Tabora na Kigoma ambao daktari amewaambia kwamba miwani ya kawaida haitawarudishia uoni wote hurudi nyumbani na swali ambalo kliniki haikupata muda wa kulijibu: sasa nitasomaje? Kusoma kunakozungumziwa hapa hakuishii kwenye kitabu. Kuna ujumbe wa pesa, tokeni ya umeme ya LUKU, maelekezo ya pakiti ya dawa, daftari la madeni dukani, Msahafu au Biblia, na daftari la mtoto aliyerudi na kazi ya nyumbani. Makala hii inalinganisha njia tatu ambazo mtu wa mikoa hii anaweza kuzifikia, yaani lenzi za kukuza, simu janja na nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Msaada wa kusomewa na mtu mwingine nimeupa nafasi fupi tu, kwa kuwa karibu kila nyumba inautumia tayari.

Anayehusika ni nani? Kwa kipimo kinachotumika kimataifa, mwenye uoni hafifu ni yule ambaye jicho lake lililo bora, hata baada ya matibabu na miwani, haliifikii 6/18, au upeo wake wa kuona umebana sana, lakini bado ana uoni anaoweza kuutumia kufanya kazi fulani. Maana ya 6/18 ni kwamba anaona akiwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona likiwa mita 18. Mtu wa namna hii mara nyingi hana pa kuwekwa mtaani: anatembea bila fimbo sokoni, halafu anashindwa kusoma bei, na watu wanadhani anajifanya.

Yanayotangulia uchaguzi

Mtu asinunue kifaa chochote kabla jicho halijachunguzwa. Mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kuleta upofu, huondolewa kwa upasuaji, na mzee anayehangaika na lenzi wakati anachohitaji ni upasuaji amecheleweshwa bure. Presha ya macho ni kinyume chake: haiumi kwa sehemu kubwa ya safari yake na kilichopotea hakirudi, hivyo matone ya kila siku yana kazi ya kulinda kilichobaki. Dawa za kienyeji za kutia jichoni ziachwe kabisa, kwa sababu zinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho na kuongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Mahali pa kuanzia ni hospitali za rufaa za mikoa, Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma. Likihitajika zaidi, rufaa huelekea Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, au Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam. Kwa reli ya kati, Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam na Kigoma zaidi ya 1,200, kwa hiyo safari hiyo ipangwe vizuri: uulize mapema kama siku utakayofika kuna mtaalamu wa uoni hafifu, na si daktari wa macho peke yake, maana kazi zao hazifanani. Mmoja anatibu jicho, mwingine anatafuta namna ya kulitumia lilivyo.

Kuna pia vitu vya bei ndogo ambavyo vinasaidia njia yoyote utakayoichagua. Taa iwekwe upande wa jicho lililo bora, nyuma kidogo ya bega, imulike karatasi na isimulike uso. Karatasi nyeusi iliyokatwa mwanya mrefu wa mstari mmoja, ikilazwa juu ya ukurasa, huzuia mng'ao wa weupe uliobaki na kumwezesha msomaji asipotee mstari. Maka peni nyeusi itumike kuandikia badala ya kalamu ya bluu. Na kwa jua la Tabora la mwezi wa Septemba, kofia yenye ukingo mpana huongeza uoni wa wengine kuliko lenzi, hasa wenye ualbino.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, ambacho ningekipa uzito kuliko vingine vyote, ni umbo la upungufu wenyewe. Watu wawili wanaweza kuandikiwa 6/60 kwenye kadi na bado wakahitaji vitu tofauti kabisa. Aliyeharibika sehemu ya katikati ya retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, huona kingo za mlango vizuri lakini uso wa mgeni ni ukungu. Maandishi yakikuzwa, yanatokeza nje ya doa hilo la ukungu na kusomeka, hasa akijifunza kutazama pembeni kidogo ya neno. Mwenye presha ya macho iliyokomaa huona kama anachungulia kwenye bomba. Ukimkuzia maandishi sana, bomba lake linajaa herufi mbili na neno linapotea. Mwenye ualbino ana ukungu wa jumla, mboni zinazochezacheza na macho yanayoumizwa na mwanga. Mwenye kisukari anaweza kusoma asubuhi na asisome jioni, kwa sababu sukari ikipanda na kushuka uoni nao hubadilika.

Kigezo cha pili ni kazi. Kusoma sura nzima ya kitabu na kusoma tarakimu za tokeni ni kazi mbili tofauti, na kutunga uzi kwenye sindano ni ya tatu. Cha tatu ni gharama, ya kuanza na ya kuendelea. Cha nne ni umeme na fundi: kifaa kikizimika kijijini Uyui au Kakonko, nani atakiamsha? Cha tano ni muda wa kujifunza, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Cha mwisho ni siri, kwa maana ya nani mwingine anapata kujua unachokisoma.

Katika kila njia nitapima kazi moja ileile ili ulinganisho uwe wa haki: kuingiza tokeni ya LUKU, yenye tarakimu 20, kwenye mita iliyo ukutani.

Lenzi za kukuza

Kazi inayofanya. Chini ya jina hili kuna vitu vinne: miwani yenye nguvu kubwa kuliko ile ya kusomea inayouzwa mezani sokoni, lenzi ya mkono, lenzi yenye miguu inayosimama juu ya karatasi, na darubini ndogo ya jicho moja kwa ajili ya ubao wa shule au kibao cha basi. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake inampa mnunuzi macho ya kukitambua kilicho kwenye mkono wake. Gawanya 100 kwa dayopta, utapata umbali wa sentimita ambao lenzi inauhitaji; gawanya dayopta kwa 4, utapata takriban mara ngapi inakuza. Lenzi ya dayopta 20 inakuza mara 5 na inataka sentimita 5 tu. Ya dayopta 8 inakuza mara 2 na inakupa zaidi ya sentimita 12, nafasi ya kutosha kuingiza kalamu na mkono.

Kwa hesabu hiyo unaweza kujikadiria nyumbani kabla ya safari. Chukua gazeti na utafute maandishi madogo kuliko yote unayoweza kuyasoma bila kubahatisha, ukiwa na miwani yako ya kusomea na karatasi ikiwa sentimita 25 kutoka machoni. Kama ni kichwa cha habari ambacho herufi zake ni kubwa mara 4 ya zile za habari yenyewe, unahitaji ukuzaji wa mara 4 au zaidi kidogo, yaani dayopta 16 kwenda juu. Haya ni makadirio ya kuanzia mazungumzo na mtaalamu tu, yasitumike kuagizia lenzi kwa simu.

Kwenye tokeni, lenzi inafaulu kwa nusu. Ujumbe kwenye simu ya kitochi unasomeka, kwa kuwa skrini ina mwanga wake. Tatizo ni mita: iko ukutani, mkono mmoja umeshika lenzi, wa pili simu, na hakuna wa tatu wa kubonyeza. Wanaofanikiwa huzinakili tarakimu kwanza kwa maka peni, nnennne, kwenye karatasi kubwa wanayoibandika kando ya mita.

Gharama na utunzaji. Unalipa mara moja. Hakuna bando, hakuna kuchaji, isipokuwa zile zenye taa na betri. Lenzi za plastiki huchubuka, na wengi wa kwetu huzifuta kwa ncha ya kanga yenye vumbi la mchanga. Zioshwe kwa maji na sabuni kidogo kwanza, ndipo zifutwe kwa kitambaa laini.

Muda wa kujifunza. Ni mfupi, lakini upo. Kosa la kawaida ni kuishika lenzi ya mkono mbali na uso kama mpelelezi wa kwenye picha. Ilete karibu na jicho, karibu kugusa miwani, kisha pandisha karatasi taratibu mpaka herufi zikae wazi. Sehemu unayoiona itapanuka kwa kiasi cha kushangaza. Halafu usogeze karatasi badala ya kichwa. Ubao wa kuinamisha kitabu, ambao fundi seremala yeyote anaweza kuupiga, huokoa shingo.

Inapokwama. Kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo uwanja unavyobana na umbali unavyofupika. Kwa wenye uoni wa bomba, lenzi kali ni hasara. Kwa anayetetemeka mikono, lenzi ya mkono haifai, achukue yenye miguu. Na kusoma kurasa nyingi kwa sentimita 5 kunachosha hata kijana.

Hapa niseme jambo ambalo wazazi wenye watoto wenye ualbino wanalihitaji. Mtoto anayegusisha pua kwenye daftari anafanya kazi ya lenzi bila lenzi, kwa kuwa ukipunguza umbali kwa nusu, herufi inakuwa kubwa maradufu machoni. Haharibu macho. Kumkaripia ainue kichwa ni kumnyang'anya kifaa cha bure alichozaliwa nacho, ingawa apimwe pia miwani, kwa maana wengi wao wana upungufu ambao miwani hurekebisha kwa sehemu.

Simu janja

Kazi inayofanya. Simu ina namna tatu za kusaidia, na watu huchanganya. Kwanza, inakuza: maandishi hupanuliwa kwenye mipangilio, skrini nzima hukuzwa kwa kugonga, na rangi hugeuzwa ili herufi ziwe nyeupe juu ya weusi, jambo linalowapumzisha sana wanaoumizwa na mng'ao. Pili, kamera yake ni lenzi: piga picha ya pakiti ya dawa, kisha ipanue kwa vidole viwili kadiri utakavyo, umekaa wima, bila bando na bila mtandao. Kwa maoni yangu hili peke yake latosha kumshawishi mtu aliyechoka kuinama. Tatu, inasema. Simu za Android zina msomaji wa skrini aitwaye TalkBack, na programu ya Google ya kusoma maandishi ina sauti ya Kiswahili. Sauti ikishapakuliwa, inafanya kazi hata mtandao ukikatika.

Kwa uoni wa bomba na kwa uoni unaopandashuka, kusikia ni ahueni ambayo lenzi haiwezi kuitoa. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi mwenye presha ya macho anaweza kuusikia ujumbe wa malipo sikioni na kujua mteja kalipa kweli, wakati skrini yenyewe haionekani kwa mng'ao wa ziwa.

Tokeni, hata hivyo, ina vituko vyake. Tarakimu 20 zikifuatana bila nafasi, sauti huzisoma kama namba moja kubwa kupita kiasi, ya matrilioni yasiyoeleweka. Dawa yake ni kubadili namna ya usomaji ili isome herufi moja moja. Ukishajua mahali pa kubadili, simu inabaki mfukoni, sauti inataja tarakimu, mikono yote miwili iko kwenye mita. Kitufe cha 5 kwenye vibao vingi vya namba kina kinundu kidogo, na kutokea hapo kidole kinajua njia.

Gharama na utunzaji. Gharama ya kuanza ni kubwa kuliko ya lenzi ya mkono, na ya kuendelea haishi: kuchaji, kioo kinachopasuka, betri inayochoka. Pasipo umeme wa gridi, sola ndogo au kibanda cha kuchajia kinahitajika karibu kila siku, maana skrini iliyoongezwa mwanga hula chaji haraka. Simu huibwa, lenzi haina soko. Kwa upande mwingine, simu huenda tayari iko nyumbani na inatumika kwa mengine. Halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha wafanyabiashara wenye uoni hafifu kina haki ya kuulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Muda wa kujifunza. Ukuzaji na kamera hufundishika kwa kikao kimoja. TalkBack ni jambo jingine. Ikishawashwa, kugusa mara moja hakufungui kitu, kunataja tu. Kufungua ni kugonga mara mbili, na kusonga mbele ni kutelezesha kidole kwenda kulia. Asiyeambiwa hayo hudhani simu imekufa na kuipeleka kwa fundi. Anayemwashia mzee wake ahakikishe amemwonyesha kwanza namna ya kuizima, ambayo kwa simu nyingi ni kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia.

Inapokwama. Mwandiko wa mkono, ukiwemo wa cheti cha dawa, simu huusoma vibaya au isiusome kabisa. Menyu za pesa zina tabia ya kujifunga msikilizaji akichelewa. Ujumbe uliochanganya Kiingereza hutamkwa Kiswahili chote, na sikio linahitaji kuzoea. Siri nayo inataka hedifoni, la sivyo salio lako linasikika hadi kwa jirani. Bado, ukilinganisha na kumpa mtu namba yako ya siri akufanyie muamala, hedifoni ni bei ndogo.

Nukta nundu

Kazi inayofanya. Mfumo huu wa Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kuuchapisha mwaka 1829, una nukta sita katika safu mbili, na mpangilio wake unatoa herufi zote, tarakimu, alama za hisabati na hata muziki. Wengi huona ni mali ya wasioona kabisa. Kwa mwenye uoni hafifu hufaa pale macho yanapochoka kabla kazi haijaisha, au pale daktari anaposema uoni utaendelea kupungua. Nukta nundu pia hufundisha tahajia kwa namna ambayo sauti ya simu haifundishi: anayesikiliza tu hajui kama neno limeandikwa kwa "dh" au "th".

Kwenye tokeni, anayejua nukta nundu huandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi ngumu, kidole cha mkono mmoja kinasoma, cha mkono mwingine kinabonyeza. Hakuna kelele, hakuna chaji, hakuna kuinama. Lakini kuna mtu au sauti iliyomtajia tarakimu hizo kwanza.

Gharama na utunzaji. Kibao cha kutobolea na kalamu yake ya chuma hudumu miaka mingi na havina cha kuharibika. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, ni ghali na ina uzito unaokaribia kilo 5, na ikikwama huhitaji fundi anayeijua. Karatasi lazima ziwe nene. Vitabu ni vinene zaidi: kitabu kimoja cha kiada hugeuka mafungu kadhaa, na mtoto hawezi kuyabeba yote.

Muda wa kujifunza. Ni miezi, na kwa mtu mzima aliyeanza ukubwani huwa zaidi, kwa sababu ncha ya kidole nayo inafundishwa. Kwenye kibao mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa maana nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Watoto hulizoea hili haraka kuliko walimu wao wanavyotarajia. Mwalimu ndiye shida. Tabora kuna Shule ya Msingi Furaha, ya wasioona, na wilayani Kasulu kuna shule ya Kabanga iliyopokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Nje ya vituo vya aina hiyo, kumpata mtu wa kukukalisha na kukufundisha ni bahati. Matawi ya Chama cha Wasioona Tanzania ni mahali pazuri pa kuuliza.

Inapokwama. Mwenye kisukari cha muda mrefu aliyepoteza hisia kwenye ncha za vidole hataziona nukta kwa kidole, na vivyo hivyo aliyewahi kuugua ukoma. Ulimwengu wa nje, kuanzia pakiti ya unga hadi kibao cha basi, haukuandikwa kwa nukta. Na kuna jambo moja ambalo walimu wa elimu maalumu wanalijua: mtoto mwenye uoni uliobaki huzisoma nukta kwa macho, ameinamia karatasi nyeupe isiyo na wino, na kujichosha mara mbili. Kama uoni wake ni tulivu na anasoma maandishi makubwa, sioni sababu ya kumfungia kwenye nukta nundu peke yake kwa kuwa tu shule iliyompokea ni ya wasioona. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona. Mzazi aulize mapema mtoto wake ameandikishwa kwenye kundi lipi.

Kusomewa na mtu

Mjukuu anayesoma barua hahitaji betri wala mafunzo, na anaelezea picha, mwandiko na uso wa aliyeingia, vitu ambavyo vifaa mara nyingi havivimudu vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ana shule, ana michezo, na baadhi ya mambo hayapaswi kupita mdomoni mwake: majibu ya maabara, deni, barua ya mahakama. Ningeuweka msaada huu kwa yale ambayo njia nyingine zimeshindwa, na kwa furaha ya kusomeana, ambayo haihitaji sababu.

Uchaguzi kwa hali yako

Mzee aliyeharibika sehemu ya katikati ya retina, mikono imetulia, anayetaka Msahafu au Biblia yake na si mengine, aanze na lenzi yenye miguu na taa, akiwa na nakala ya maandishi makubwa. Simu anaweza kuiacha kwa wajukuu bila kupoteza kitu. Akianza kuchoka baada ya kurasa chache, hapo ndipo kusikiliza kunaingia.

Mfanyabiashara wa mawese au asali ambaye pesa zake hupita kwenye simu, na hasa mwenye upeo uliobana, simu yenye sauti na hedifoni itamfaa kuliko lenzi yoyote. Abaki na lenzi ya nguvu ndogo mfukoni kwa noti zilizochakaa, kwa kuwa noti zetu hutofautiana rangi na, kwa kiasi, urefu, lakini noti kuukuu husahau rangi yake. Ikiwa anaishi mahali ambapo chaji ni ya kusafiri kuitafuta, mpango huu ugeuzwe: lenzi iwe ya kila siku, simu iwe ya miamala.

Fundi cherehani wa Ng'ambo, mjini Tabora, anayeshindwa kutunga sindano yuko karibu na msaada kuliko anavyodhani. Anahitaji umbali wa mikono, hivyo lenzi kali haimfai. Miwani ya nguvu ya kati, taa iliyoshushwa karibu na mguu wa cherehani, na karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano kwa uzi mweusi, au nyeusi kwa uzi mweupe, hukamilisha kazi.

Mtoto mwenye ualbino au mwenye uoni hafifu usiobadilika, katika shule ya kawaida, akae dawati la mbele mbali na dirisha lenye jua, apewe miwani aliyopimiwa, maandishi makubwa, lenzi ya mezani, na ruhusa ya kuusogelea ubao bila kuomba kila mara. Darubini ndogo hufaa akishafika umri wa kuitunza. Shule ya bweni yenye wataalamu iangaliwe kama shule ya jirani imeshindwa kumpa haya, au kama usalama wake njiani hauna uhakika, hoja ambayo kwa familia za ukanda huu haipuuziki.

Kijana ambaye daktari amesema uoni wake utapungua mwaka hadi mwaka yuko kwenye hali ngumu kuliko zote kuiamulia, maana leo lenzi inamtosha na nukta nundu inaonekana kama kukata tamaa. Kwake ningesema ajifunze nukta nundu sasa, angali anaona mkono wa mwalimu, na TalkBack aijaribu akiwa bado anaweza kuchungulia skrini anapopotea. Aendelee kutumia macho yake kwa kila kitu kingine, kuyatumia hakuyamalizi.

Mwenye kisukari ambaye uoni wake hauna msimamo asubiri sukari itulie kwa wiki kadhaa kabla ya kulipia miwani ya nguvu kubwa, la sivyo atapimiwa jicho la siku moja. Katika kipindi hicho, kamera ya simu na sauti zinatosha, na kabla ya kuanza nukta nundu apimwe kwanza hisia za vidole.

Yeyote anayekwenda kupimwa, Kitete, Maweni au mbali zaidi, abebe kile hasa anachotaka kukisoma au kukifanya: daftari la duka, pakiti ya dawa, simu yake mwenyewe, sindano na uzi. Aombe kujaribu lenzi akiwa ameketi na kusoma nayo ukurasa mzima, kwa maana lenzi inayompendeza mtu kwa maneno matatu ya kadi ya kliniki yaweza kumchosha kwenye aya ya pili ya kitabu chake.